Peugeot 504 ya Baba na Premio Yangu: Mwaka Mzima Nikiendesha Zote Mbili

Marehemu baba aliniachia Peugeot 504 ya mwaka 1982, iliyounganishwa hapahapa Kenya. Mwaka jana, mtoto wetu wa pili alipozaliwa, nikanunua Toyota Premio ya mtumba kutoka Japani, injini ya lita 1.5. Tangu hapo naendesha zote mbili, mjini Mombasa na safari za kwetu Taita.

Mjini hakuna ubishi. Kwenye foleni ya feri ya Likoni saa nane mchana, Premio ina kiyoyozi na usukani mwepesi, na lita moja ya petroli hunipeleka kilomita 13 hivi. 504 haifiki hata 9, na nusu saa ya kukanyaga klachi yake huacha mguu ukitetemeka. Tena Premio ina mifuko ya hewa na breki za ABS, zinazozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki kwa nguvu. Gari la baba halina. Kwa hilo tu, watoto wangu hawapandi 504 kwenye barabara kuu ya Nairobi yenye malori yale.

Lakini ukishapita Wundanyi kule Taita, lami ikaisha, mambo hugeuka. Springi za 504 ni ndefu na laini. Shimo ambalo Premio ingegusa kwa tumbo, 504 hulimeza na abiria hajarushwa kitini. Ndipo nikaelewa vipi 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975, na ndugu yake wa milango miwili akashinda tena 1978.

Kilichonishangaza ni matengenezo. Kabureta ya 504 ikiziba, naifungua kwa bisibisi kando ya njia, napuliza jeti (kijitundu cha kupitisha petroli), naondoka. Premio mpaka ipimwe kwa kompyuta, na gia yake ya CVT, otomatiki inayotumia mkanda badala ya hatua za gia, haitaki mafuta yoyote tu. Gereji moja iliitia mafuta ya gia za kawaida, gari likaanza kutetemeka kila nikipanda mlima. Ilibidi yamwagwe yote, yatiwe yanayofaa. Siku hizi nasimama palepale na kusoma mkebe kabla fundi hajaufungua, na wewe mwenye CVT nakusihi ufanye hivyo.

Nikilazimika kubaki na moja, ni Premio, kwa ajili ya watoto. Ila raba mpya za milango ya 504 nimeshaagiza, na Desemba mimi na kaka yangu tutaipandisha nyumbani kwa mama.