Spika za gari la zamani: kuagiza mtandaoni au kununua dukani Dodoma?
Spika za mbele za Corolla 110 yangu zimeanza kukoroma. Sponji ya pembeni imeoza. Ukiigusa inabaki vidoleni kama unga.

Mtandaoni uchaguzi ni mpana, na muuzaji makini huandika kila kipimo: upana, omu (kipimo cha ukinzani wa umeme), wati na kina. Hicho kina ndicho wengi hukisahau. Spika ya inchi 6.5 inaweza kuenea vizuri kwenye tundu la mlango, kumbe sumaku yake ni ndefu. Ukishusha kioo, kinagonga. Kwa hiyo fungua mlango kwanza, shusha kioo mpaka mwisho, upime kwa rula. Omu nazo zisipungue zile redio yako inazokubali. Za magari nyingi ni 4.

Dukani hapa mjini bei huenda ikawa juu, lakini unaunganisha waya unasikia mwenyewe, na fundi anaijaribisha mlangoni palepale. Isipokaa, mnabadilishana. Ya mtandaoni ikishasafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam, kilomita 450 hivi, kuirudisha ni gharama nyingine ya mzigo.

Za milangoni nitanunua dukani. Zile za inchi 6 kwa 9 za nyuma, zinazokaa juu ya buti penye nafasi ya kutosha, nitaagiza.