Kukutana na Waigizaji wa Filamu za Kutisha: Shabiki wa Nairobi Alipie Nini Kwanza

Ukiwa na hela za kununua kitu kimoja tu kwenye tamasha la mashabiki wa filamu za kutisha, nunua sahihi ya mezani. Naiweka nafasi ya kwanza bila kusita. Mwigizaji ameketi, picha zake zimetandazwa mbele yake. Unachagua moja, unataja jina, anaandika. Bei nyingi ni kati ya dola 40 na 100, na nyota wakubwa hutoza zaidi. Lakini hapo mezani ndipo mnapoongea, na waigizaji hawa hupenda kuulizwa kuhusu kazi. Muulize Robert Englund jinsi alivyovumilia kubandikwa uso wa Freddy Krueger, muuaji wa A Nightmare on Elm Street, mwaka wa 1984, usiishie kumuuliza kama hajambo. Jina lako liandike kwenye karatasi mapema: Nyambura au Ochieng' si jina ambalo Mmarekani ataliandika sawa kwa kulisikia tu.

Picha rasmi inafuata. Unailipia kabla, unapanga foleni, unasimama kando ya mwigizaji, taa inamulika, mwingine anaitwa. Ni sekunde chache. Tena wengi wa magwiji hawa walijulikana wakiwa wamefunika uso, kwa hiyo jamaa zako wakiiona picha watauliza huyo mzee ni nani. Namtoa Kane Hodder katika hesabu hiyo. Aliigiza Jason Voorhees, muuaji wa Friday the 13th, katika filamu nne, ya kwanza mwaka wa 1988, na anajulikana kwa kuwakaba mashabiki shingo pichani. Kwake lipia picha, hata kama sahihi itakosekana.

Kifurushi cha VIP kiache. Mara nyingi unalipia kuingia mapema, na sahihi bado unazilipia kando.

Sasa uende wapi? Kwa mtu anayetoka Nairobi napendelea Manchester, kwenye tamasha la For the Love of Horror, mwezi wa Oktoba. Viza ya Uingereza unaweza kuiomba miezi 3 kabla ya safari, na jibu kwa kawaida hutoka ndani ya wiki 3 hivi, kwa hiyo unaweza kungoja orodha ya wageni itangazwe ndipo ujifunge. Marekani ndiko kwenye matamasha mengi zaidi, na Monster-Mania ya Cherry Hill, New Jersey, inafikika kwa barabara kutoka New York, ambako Kenya Airways hutua moja kwa moja tangu 2018. Tatizo ni viza: ada ya maombi ni dola 185, hairudishwi, na tarehe ya mahojiano pale Gigiri inaweza kuwa mbali mno. Kama viza ya Marekani tayari iko kwenye pasipoti yako, basi Cherry Hill inaipita Manchester. Kokote uendako, beba noti taslimu, kwa sababu meza nyingine hazipokei kadi.

Usipoweza kusafiri, agiza video ya salamu kupitia Cameo, tovuti ambako watu maarufu hurekodi video kwa malipo. Mwigizaji anataja jina lako kwa sauti ile ile iliyokunyima usingizi, na kadi ya M-Pesa GlobalPay inatosha kulipia. Ni zawadi nzuri sana ya siku ya kuzaliwa. Sahihi inayotumwa kwa posta naiweka chini yake, kwa kuwa bandia ni nyingi. Nunua iliyokaguliwa na PSA, JSA au Beckett, kampuni za kuthibitisha sahihi, kisha hakiki namba ya stika kwenye tovuti yao wenyewe. Cheti alichojichapishia muuzaji hakithibitishi chochote. Kuwa makini zaidi na sahihi za waliofariki, kama Tony Todd wa Candyman, aliyetutoka Novemba 2024. Bei hupanda na matapeli huamka.

NAICCON, tamasha la mashabiki la hapa kwetu Nairobi, ni tamu kwa katuni, michezo na mavazi, nenda, ila usiihesabu kama njia ya kuwafikia waigizaji hawa.

Kabla ya kulipa nauli, soma masharti ya kurudishiwa pesa. Wageni hujiondoa hata wiki ya mwisho wakipata kazi ya filamu. Picha uliyolipia kwa kawaida utarudishiwa pesa yake. Tiketi ya kuingia, mara nyingi hapana. Kwa hiyo usisafiri kwa ajili ya jina moja. Chagua tamasha lenye angalau watu watatu unaotamani kuwaona.