Rangi ya Baiskeli au Rangi ya Maji: Njia Mbili za Kuchora Mazingira

Mchoraji anayependa mazingira ya kwao anaweza kuyaendea kwa njia mbili, na kila moja ina mfano wake Afrika Mashariki. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi nzito inayong'aa, ile ya kupaka baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi. Rangi hiyo haikubali kufifishwa kwa urahisi, hivyo chui hutokea na mwili wa rangi moja na madoa yaliyopigwa moja moja, mnyama wa kumbukumbu na masimulizi kuliko wa kutazamwa porini.

Joy Adamson, aliyehamia Kenya miaka ya 1930, alichora mimea kwa rangi ya maji. Njia hii hudai mmea uwe mbele ya macho, kwa kuwa ua hunyauka upesi na karatasi haisamehe kosa. Nimewahi kukaa kando ya mikoko nikichora jani lililokwisha kuwa manjano pembeni, lakini bado kijani karibu na kikonyo, na ni rangi ya maji iliyonipatia mpito ule.

Karatasi, hata hivyo, huota ukungu katika unyevu wa pwani, ilhali hadibodi iliyopakwa hufutwa vumbi kwa kitambaa tu. Pamoja na hayo, anayeanza ningemshauri ashike kwanza rangi ya maji, kwa sababu itamlazimisha kulitazama jani hilohilo kwa saa nzima.