Nimefunga busta ya breki kwenye Land Rover 109 ya mwaka 1976: miezi kumi ya kushuka Kikondo na viazi

Naanza na goti, maana ndilo lililonipeleka kwa fundi. Land Rover yetu ni Series III, injini ya petroli ya lita 2.25, breki za dramu (zile ngoma za chuma zinazozunguka na gurudumu) magurudumu yote manne, na breki zake hazikuwa na busta. Baba aliiendesha miaka mingi, nami nimeirithi pamoja na njia yake: Kikondo, Isyonje, hadi Uyole, huku kwetu Mbeya, magunia ya viazi nyuma. Kwenye mteremko ule, na ukungu juu yake, pedali unaikanyaga mpaka mgongo unagandamana na kiti. Mwaka jana goti la kulia likaanza kuvimba kila nikirudi sokoni. Binti yangu mkubwa ana leseni, lakini siku nilipompa usukani alipitiliza geti letu kwa hatua kumi nzima. Alikanyaga kwa nguvu zake zote, gari likasimama lilipotaka lenyewe. Nikaona ama niuze gari la mzee, ama nifunge busta. Kuuza sikuweza.

Kwa asiyeijua, busta ni lile bati jeusi la mviringo linalokaa kati ya pedali na masta silinda, ile silinda kuu inayosukuma mafuta ya breki. Ndani yake kuna kiwambo cha mpira. Injini ya petroli inaponyonya hewa kupitia manifoldi, yaani mabomba yake ya kuingizia hewa, inanyonya pia iliyomo ndani ya busta, pande zote mbili za kiwambo. Ukigusa pedali, vali inaruhusu hewa ya nje iingie upande wa mguu wako. Upande wa pili bado hauna hewa, kwa hiyo kiwambo kinasukumwa mbele na kuusaidia mguu. Mwenye dizeli ajue mapema kwamba injini yake hainyonyi namna hiyo. Atahitaji pampu ya vakyumu, yaani ya kunyonya hewa, au kile kipepeo kinachofungwa kwenye manifoldi.

Nilipata busta ya mtumba kutoka kwenye Series III ya miaka ya mwishomwishoni iliyokuwa ikikatwa spea. Nilichukua pia kitako chake cha pedali, kwa sababu cha gari lisilo na busta hakiingiliani, na masta silinda yake yenye njia mbili. Hiyo masta peke yake ingetosha kunifanya nitoe pesa. Breki zangu za zamani zilikuwa na njia moja tu: bomba likipasuka gurudumu moja, umekosa breki zote. Sasa magurudumu ya mbele yana njia yao na ya nyuma yana yao. Vitu vyote vitatu vilinigharimu shilingi 340,000, ufundi ukawa juu ya hapo.

Gereji ya kwanza sitaitaja jina. Walifunga kwa siku moja, wakanikabidhi gari likiwa limeoshwa. Pale mjini lilikuwa tamu. Kupanda kwenda Isyonje nikagundua kwamba kila nikitoka kukandamiza mafuta, pedali inakuwa ngumu kuliko hata zamani. Walikuwa wameunganisha hosi moja kwa moja, bila ile vali ya njia moja inayozuia hewa isirudi kwenye busta. Ukifungua mafuta, uvutaji wa manifoldi unashuka, na busta bila vali inashuka nao. Wiki iliyofuata, mvua ikinyesha, niligusa breki kidogo tu kwenye kona na gari likanivuta kushoto mpaka tairi likaingia kwenye nyasi. Nilishuka nikasimama pembeni ya barabara, mikono inatetemeka. Nyuma nilikuwa na magunia na watu wawili.

Nikampelekea fundi mzee wa Mwanjelwa ambaye baba alikuwa akimwamini. Hakuangalia busta kabisa. Alipiga jeki, akatoa gurudumu la mbele kulia, akagonga dramu kwa nyundo ya mbao mpaka ikatoka, akaingiza kidole ndani. Kilitoka cheusi na kinateleza. Sili ya habu, kitovu cha gurudumu, ilikuwa inavuja, na breki shuu, vile vipande vinavyosugua dramu kwa ndani, zimeloa oili. "Mwanangu," aliniambia, "umeongeza nguvu ya mguu, huku chini hamjagusa kitu." Upande wa kulia ulikuwa haushiki, wa kushoto ulishika vizuri, na busta ikauzidishia. Zamani tofauti ile nilikuwa naifidia kwa usukani bila hata kujua. Ukiongeza nguvu, kila kasoro ya chini inaongezeka nayo.

Tulifungua yote. Kwenye 109 gurudumu la mbele lina wili silinda (silinda ndogo zinazosukuma shuu) mbili na la nyuma moja, kwa hiyo jumla ni sita, na mbili zilikuwa zimeshika kutu. Shuu mpya zikawekwa kwa ekseli nzima, kwani mzee hakubali kubadilisha upande mmoja. Sili za habu, hosi za mpira, mafuta mapya ya breki ya DOT 4. Yale ya zamani yalitoka rangi ya chai ya rangi. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa, na yakishanywa huchemka mapema dramu zikipata moto; mapovu yakiingia kwenye bomba, pedali inazama mpaka sakafuni. Mwisho alizungusha kila gurudumu huku akikaza nati ya kurekebishia, likigoma anairudisha taratibu mpaka lizunguke huru. Saa nzima kwa kazi hiyo tu. Nilikaa kwenye ndoo nikamtazama, na ndiyo saa iliyonifundisha zaidi kuliko zote.

Siku hiyo pia nilijifunza jinsi ya kuipima busta. Zima injini, kanyaga mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu, ishikilie hapo, kisha washa. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu, busta ni nzima. Sasa nafanya hivyo kila asubuhi kabla ya kupakia.

Kuna jambo la huku kwetu ambalo wauzaji wa Dar es Salaam hawalitaji. Busta inasukumwa na hewa ya nje, na hewa ya milimani ni nyepesi. Jiji la Mbeya liko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 80 ya ule wa pwani, na Kikondo ni pungufu zaidi. Nililihisi kwa mguu niliposhuka Kyela kwa msiba. Kule karibu na ziwa, pedali ileile ilikuwa laini mpaka mara ya kwanza nilisimama ghafla kuliko nilivyokusudia. Kwa hiyo usiijaribu busta bondeni ukadhani itakuwa hivyohivyo juu.

Na joto halijabadilika. Hili nalisema kwa uzito. Dramu ikipata moto inatanuka na kuzikimbia shuu, nazo lainingi, zile nyuso za kusugua za shuu, zinapunguza kushika. Busta haipoozi chochote. Mguu mwepesi unakushawishi kukanyaga breki muda mrefu zaidi, na hapo ndipo hatari ilipo. Mimi nashuka na gia ya pili kama baba alivyoshuka, breki naigusa na kuiachia. Wale wanaoteremka nyutro, au kuzima injini ili kuokoa mafuta, nawaomba waache. Injini ikizimika, busta ina akiba ya kukanyaga mara mbili tatu hivi, baada ya hapo umebaki na mguu wako na tani za viazi mgongoni.

Goti halivimbi tena. Jumatano iliyopita binti yangu aliteremsha gunia kumi na nne hadi Uyole, mimi nimekaa kushoto. Pale kwenye kona ya nyasi aliingiza gia ya pili kabla sijafungua mdomo, akagusa breki mara moja, akaachia, gari likanyooka.