Niliipa doctest moduli yetu ya njia za faili, ikaniumbua

Nilipewa kazi ambayo kila mtu kwenye timu alikuwa anaikwepa: kusafisha komenti (maelezo ya kusomwa na watu ndani ya kodi) kwenye moduli inayoshughulika na njia za faili, yaani anwani kama /data/ripoti. Fanksheni 23, mistari 600 na ushee, imepita mikononi mwa watu wasiopungua watano, mimi nikiwemo. Nikajipigia hesabu ya asubuhi moja. Ilinila siku tatu, na aliyenichelewesha ni doctest.

Kwa ambaye hajaigusa: doctest ni chombo cha kupima mifano, na inakuja ndani ya lugha ya programu ya Python yenyewe tangu toleo la 2.1 la mwaka 2001, kwa hiyo hakuna cha kusakinisha. Inapekua maelezo ya nukuu tatu yanayokaa ndani ya fanksheni, inatafuta mistari inayoanza na >>>, inaiendesha, halafu inalinganisha jibu na ulichoandika chini yake. Vikipishana hata kwa nukta, inapiga kelele. Ndiyo kazi yake yote.

Siku ya kwanza nilifanya usafi wa macho. Nilifuta komenti za aina ya "unganisha njia" juu ya mstari unaounganisha njia, nikang'oa kodi iliyozimwa kwa # (alama ya komenti) tangu enzi za Python 2, nikasahihisha tahajia. Kabla ya kufunga kazi nikasema ngoja kila fanksheni niiwekee mfano mmoja, angalau mgeni aone inavyotumika. Nikaanza na ile iliyojinadi hivi: "Huunganisha folda na jina la faili, matokeo hubaki ndani ya folda." Ukiifungua, ndani hamna kitu ila posixpath.join, fanksheni ya Python ya kuunganisha njia. Nikaandika:

>>> unganisha('/data/ripoti', '/etc/passwd')
'/data/ripoti/etc/passwd'

Ikanijibu:

Expected:
    '/data/ripoti/etc/passwd'
Got:
    '/etc/passwd'

Tabia hii ya join naijua miaka yote. Kipande kikianza na mkwaju (/), vyote vilivyotangulia vinatupwa. Imeandikwa wazi kwenye nyaraka zake. Lakini komenti ile niliisoma mara tatu siku hiyohiyo, na nilichofanya ni kuirekebishia nuktamkato. Yaani niliupigia uongo pasi. Na si uongo mdogo: mtu angeweza kuiamini fanksheni hiyo kupokea jina la faili kutoka kwa mtumiaji, akidhani folda ni uzio.

Basi nikaanza upya, safari hii mfano kwanza, maneno baadaye. Fanksheni iliyosema "hurudisha folda ya pamoja" ilikuwa inatumia commonprefix, ambayo hulinganisha herufi kwa herufi bila kujali folda. Ukiipa '/data/ripoti' na '/data/risiti' inakurudishia '/data/ri', folda ambayo haijawahi kuwepo. Dawa yake, commonpath, ipo tangu Python 3.5. Nyingine iliahidi "kiambishi chote cha faili", ilhali kwa ripoti.tar.gz inatoa .gz peke yake. Kati ya fanksheni 23, komenti za 7 zilikuwa zinasema jambo ambalo kodi haifanyi. Kwa macho nilikuwa nimekamata 1.

Sasa tuje kwenye mikwaju ya nyuma (\), maana hapa ndipo siku ya pili ilipoishia. Maelezo ya nukuu tatu ni matini kama matini nyingine yoyote mbele ya Python, kwa hiyo \ ndani yake ina kazi. Niliandika mfano wenye C:\Users, nikaendesha, na moduli nzima ikagoma kupakiwa: SyntaxError. Python iliona \U ikasubiri tarakimu 8 za heksadesimali (0 hadi 9 na a hadi f), ikakuta "sers". Hebu fikiria, nimegusa maelezo tu, sijagusa hata mstari mmoja wa kodi, na programu imelala chali. Mfano wa pili ulikuwa na C:\new. Huo haukugoma, ila \n iligeuka mstari mpya na mfano ukakatika vipande viwili. Tiba ni herufi r moja mbele ya nukuu tatu. Hata hivyo jibu bado huchapishwa na mikwaju maradufu, 'C:\\data\\ripoti', kitu kinachomchanganya msomaji unayetaka kumsaidia. Niliishia kuweka print() kwenye mifano yote ya Windows ili njia ionekane kama inavyoandikwa.

(Mwenzangu anayeandika lugha ya C alicheka akaniambia nishukuru. Kwao komenti ya // ikiishia na C:\temp\ inaumeza mstari unaofuata. Na ukiandika /* logi/*/leo */ komenti inafungwa katikati ya njia. Nani alijua folda zinaweza kuua komenti.)

Jambo ambalo sikulitarajia ni hili la mifumo. Mifano yangu mingine ya mwanzo ilitumia os.path, ambayo hufuata mfumo wa mashine iliyopo; kwangu ilipita, kwenye mashine ya Windows ikaanguka yote. Nikabadilisha kuwa posixpath (njia za Unix) na ntpath (njia za Windows), ambazo huitika kwenye mfumo wowote. Hapo nikalazimika kuandika kwenye kila maelezo fanksheni inazungumzia njia za nani. Komenti za zamani zilisema "njia" tu, kana kwamba ni kitu kimoja.

Mapungufu yapo. Doctest haisomi sentensi, ukiandika mfano sahihi chini ya maneno ya uongo, inakupitisha. Tuna fanksheni inayoita normpath: 'a/b/../c' inatoka 'a/c', mfano unapita vizuri. Lakini kama b ni kiungo kinachoelekeza kwingine, kwenye diski hizo ni sehemu mbili tofauti. Kulionyesha hilo ndani ya doctest kunataka folda ya muda, kuunda kiungo, kusafisha baadaye. Maelezo yanakuwa marefu kuliko fanksheni. Nikaandika kwa mkono: "Haigusi diski. Kama njia ina viungo, tumia Path.resolve()." Sentensi hiyo haina mlinzi.

Komenti za # nazo haizioni kabisa. Hizo nilizipunguza mpaka zikabaki zinazoeleza kwa nini. Ninayoipenda kuliko zote ni hii: "# mikwaju miwili mwanzoni inaachwa makusudi, POSIX inaruhusu iwe na maana yake". POSIX ni kanuni za mifumo ya jamii ya Unix. Mitatu hugeuka mmoja, miwili hubaki miwili. Bila mstari huo, mtu angekuja mwezi ujao "kurekebisha hitilafu".

Ningeipendekeza kwa moduli ya aina hii? Bila kusita: matini inaingia, matini inatoka, hakuna mtandao wala saa ya kuvuruga jibu. Kwa kodi inayogusa diski kila mstari nisingejisumbua. Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya ukimya wake. Mambo yakiwa sawa haichapishi chochote, na faili lisilo na mfano hata mmoja nalo halichapishiwi chochote. Siku ya tatu niliiendesha, nikaona kimya, nikatangaza kwa timu kwamba tumemaliza. Nilikuwa nimeielekeza kwenye faili la folda ya jirani. Siku hizi naweka -v ili ichapishe kila mfano, nahesabu mifano mwenyewe.