Kulala Viana do Castelo kwenye njia ya pwani ya Santiago: uzoefu wangu

Njia ya pwani ya Ureno, ambayo mahujaji huifuata kwa miguu kwenda Santiago de Compostela, mji wa hija wa Mtakatifu Yakobo huko Hispania, inapita miji mingi ya bahari kabla ya kufika mpaka wa Hispania. Kwangu mimi, mji unaostahili zaidi usiku wa hujaji kati ya hiyo yote ni Viana do Castelo. Lakini kuna sharti moja: fika kabla ya saa nane mchana. Anayeingia saa kumi na moja jioni hukuta vitanda vya bei nafuu vimekwisha, haoni mji, na nguo alizofua zinalala mbichi hadi asubuhi.

Wengi hutokea Esposende, kama kilomita 25, au Marinhas, ambapo unapunguza kama nne. Ondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Sababu si joto, ni upepo. Kiangazi pwani hii ina upepo wa kaskazini, wenyeji wanauita nortada, ambao asubuhi umetulia na alasiri unakupiga usoni, kwa kuwa nawe unaelekea kaskazini.

Katikati ya safari njia inaacha bahari na kuingia msituni, inavuka mto Neiva kwa daraja dogo la mabamba ya mawe. Mvua ikinyesha mabamba yale yanateleza vibaya. Fungua mkanda wa kiunoni wa begi kabla ya kukanyaga, ili ukianguka majini begi lisikuzamishe. Baadaye unapanda hadi kanisa la Castelo do Neiva, lenye maandishi ya mwaka 862, mojawapo ya makanisa ya zamani kabisa yaliyowekwa chini ya Mtakatifu Yakobo nje ya Hispania. Kuanzia hapo ni kupanda na kushuka kwenye mawe ya kupangwa. Kucha za vidole vya miguu huumia kwenye materemko kuelekea Darque, si kwenye mipando, kwa sababu mguu unateleza mbele ndani ya kiatu. Simama juu, kaza kamba sehemu ya kifundo, legeza kidogo za mbele, ndipo ushuke.

Mji unauingia kwa daraja la chuma la kampuni ya Eiffel, lililofunguliwa mwaka 1878: magari juu, treni chini. Njia ya waenda kwa miguu ni nyembamba, mtu na begi lake anaijaza, kwa hiyo mkikutana na anayekuja lazima mmoja ajibanze. Funga fimbo zako, vua kofia, na kama umevaa poncho (joho la mvua) ivue pia, maana pale juu ya mto Lima inageuka tanga. Kuna boti ndogo ya kuvuka kutoka Cabedelo, ng'ambo ya kusini ya mto, kwa wanaoshika njia ya ufukweni. Nje ya kiangazi usiitegemee.

Sasa malazi. Karibu na mwisho wa daraja kuna albergue, yaani nyumba ya kulala mahujaji, katika konventi ya Wakarmeli, na katikati ya mji zipo hosteli za binafsi. Tofauti yake ni hii: albergue za kitawa na za manispaa kwa kawaida hazipokei oda, anayetangulia ndiye anayelala, na utaombwa pasipoti pamoja na kitabu cha hujaji cha mihuri. Hosteli za binafsi unaweza kulipia mapema, bei ni ya juu kidogo, na mara nyingi kitanda kina pazia na soketi yake. Kwenye vitanda vya dabo deka omba cha chini, hasa kama magoti yameanza kulalamika. Taa huzimwa saa nne usiku, na saa mbili asubuhi mnatakiwa muwe mmetoka. Beba viziba masikio. Kukoroma ni sehemu ya hija.

Kabla ya kuweka begi popote, inua kona ya godoro uangalie mishono kwa tochi. Vidoadoa vyeusi mithili ya wino ni dalili ya kunguni. Ukiviona, ondoka kimya kimya utafute pengine, na begi lisiguse kitanda. Hili halihusu nyumba fulani, ni tabia ya njia yote, kwa kuwa wadudu hawa husafiri ndani ya mifuko ya kulalia ya wasafiri wenyewe.

Kufua ndiyo kazi ya kwanza baada ya kuoga, hata kabla ya chakula. Hewa ya pwani ya Minho, jimbo hili la kaskazini, ina unyevu mwingi, na nguo nzito zilizoanikwa jioni hazikauki. Kamua, kisha viringisha nguo ndani ya taulo kavu, ikanyage, halafu uanike. Soksi ambazo bado mbichi asubuhi zipachike kwa pini nyuma ya begi. Usizivae, kwani hapo ndipo malengelenge yanapoanzia.

Ukishafua, mji ni wako. Mfalme Afonso III aliupa hati yake mwaka 1258, na malkia Maria II akaupandisha kuwa jiji, kwa jina la sasa, mwaka 1848. Anza na Praça da República, uwanja wenye chemchemi ya karne ya 16 na jengo la Misericórdia, chama cha hisani cha kanisa, lenye roshani za mawe zinazobebwa na sanamu. Teremka bandarini kwenye meli Gil Eannes, iliyojengwa hapahapa mwaka 1955 kuwa hospitali ya wavuvi wa samaki aina ya kod waliokwenda mpaka Newfoundland na Greenland. Leo ni makumbusho. Chumba cha upasuaji peke yake kinatosha kulipia kiingilio. Ngazi zake ni za wima, kwa hiyo goti linalouma libaki nchi kavu. Mlangoni mwa mto kuna ngome ya Santiago da Barra. Mtu wa Mombasa ataitazama mara mbili: ilipanuliwa enzi za mfalme yuleyule, Felipe II wa Hispania, aliyetawala pia Ureno wakati huo, ambaye Fort Jesus ilianza kujengwa chini yake mwaka 1593.

Kanisa lililo juu ya kilima cha Santa Luzia ndilo watu wengi hulikimbilia, na ndipo hujaji anapojiumiza bure. Ngazi za kupanda huko ni zaidi ya 600. Miguu yenye kilomita 25 haihitaji nyongeza hiyo. Nyuma ya stesheni ya treni kuna kigari cha kebo kinachopanda mita 160 kwa dakika chache, nauli ni euro chache. Kwanza uliza saa ya safari ya mwisho, maana majira ya baridi kinafunga mapema. Ujenzi wa kanisa ulianza mwaka 1904 kwa michoro ya Miguel Ventura Terra na kumalizika mwaka 1959, lakini kusema kweli kinachovutia zaidi ni mandhari: mdomo wa Lima, daraja ulilovuka, na pwani utakayoifuata kesho.

Chakula cha jioni usikitafute kabla ya saa moja, majiko mengi hufungwa mchana. Bacalhau, yaani kod mkavu wa chumvi, ambayo ni kama ng'onda wao, iko kila mahali. Mkate na zeituni wanazokuwekea mezani bila kuagiza zinalipiwa ukizigusa. Kama huzitaki, sema zirudishwe. Asiyekula nguruwe ajue kuwa supu ya mboga ya majani iitwayo caldo verde huwekwa kipande cha soseji ya nguruwe.

Usilale hapa bila oda karibu na tarehe 20 Agosti. Ni sikukuu ya Bikira Maria, Mama Yetu wa Agonia, wavuvi wanatembeza sanamu yake kwa mashua na mitaa ya Ribeira, makazi ya wavuvi, inatandikwa mazulia ya chumvi ya rangi. Ni tamasha la kuonewa wivu, ila kitanda hakuna. Wiki hiyo oda iwekwe miezi kabla, au pitiliza hadi Vila Praia de Âncora.

Kesho yake hadi Caminha ni kama kilomita 27. Mishale ya njano inayoonyesha njia ya hija inakupitisha vijijini, Carreço na Afife, kwenye kivuli na vilima. Njia ya ufukweni ni tambarare lakini ni upepo mtupu. Mimi huchagua vijiji siku ya upepo. Mguu ukigoma, treni ya reli ya Minho inasimama Âncora na Caminha.

Caminha mahujaji huvushwa mto Minho, ulio mpaka na Hispania, kwa boti ndogo za injini. Maji yakipwa au bahari ikichafuka haziondoki, kwa hiyo ulizia boti ukiwa bado Viana, usiku uliotangulia. Ukishindwa kuvuka, njia mbadala ni kufuata mto hadi Valença na kuvukia Tui, siku nzima ya ziada. Na upangapo kitanda cha ng'ambo, kumbuka saa ya Hispania iko mbele kwa saa moja: boti ya saa nane mchana inakushusha A Guarda baada ya saa tisa.