Hita ya lita 50 baada ya miaka sita: kinachokufa, kwa nini, na namna ya kukitengeneza

Hii ni hita ya tangi, ya kutundika ukutani: lita 50, wati 1500, volti 230, tangi la chuma lililopakwa enameli (tabaka gumu kama kioo) kwa ndani. Naipa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano imekwenda na anodi, fimbo inayolinda tangi dhidi ya kutu, na nitaifikia. Ndani ya miaka sita zimekufa elementi moja (kipashio cha umeme ndani ya tangi), thermostati moja (kidhibiti joto) na vali ya usalama moja (inayotoa presha ikizidi), vyote vya kufungua kwa bisibisi na spana. Tangi lenyewe bado zima. Hita nyingi hutupwa kwa ubovu wa kimojawapo cha vitu hivyo vitatu.

Kasi yake ni ile inayotegemewa. Lita 50 kutoka nyuzi 20 hadi 60 huchukua kama dakika 93, na hapo hakuna ujanja wa kiwanda, ni hesabu ya maji na wati tu. Umeme ukiwa dhaifu, hesabu hiyo inavurugika kuliko watu wanavyodhani: volti zikishuka hadi 200, wati 1500 zinabaki kama 1130, na muda unapanda kupita saa mbili. Basi kabla ya kusema hita imechoka, pima volti ikiwa inapasha, si ikiwa imezimwa.

Maji ya vuguvugu nayo si lazima yawe kosa la hita. Mara nyingi mwizi ni bomba la kuchanganyia maji, lililoisha ndani na kupitisha baridi kwenye njia ya moto. Kulikamata ni rahisi: funga koki ya maji baridi inayoingia kwenye hita, kisha fungua upande wa moto tu. Mtiririko ukikata baada ya muda mfupi, bomba ni zima. Maji yakiendelea kutoka, yanapita mlango wa nyuma, na hata ubadilishe elementi kumi hayatapata moto.

Sasa ikiwa haipashi kabisa. Zima breka, si swichi ya ukutani peke yake, maana swichi nyingine hukata waya mmoja tu. Fungua kifuniko cha plastiki cha chini, kisha hakikisha kwa multimita (mita ya kupimia umeme) kwamba hakuna umeme kati ya laivu na nyutro, laivu na ethi, nyutro na ethi. Tazama kwa macho kwanza: waya uliolegea kwenye ncha hupata joto, plastiki hugeuka kahawia, na mwisho huungua. Hita hii inavuta ampia 6.5 tu, lakini kwa saa nzima mfululizo hizo zinatosha kuyeyusha kiungo kibovu. Waya ulioungua ukatwe hadi kwenye shaba safi, usikazwe tu tena juu ya masizi.

Karibu na thermostati kuna kitufe kidogo, cha kikatio cha joto, kinachokata umeme maji yakizidi moto. Kikiwa kimeruka, kibonyeze maji yakishapoa, utasikia mlio. Kuruka mara moja kunasameheka. Kikirudia, thermostati imegandisha midomo yake (viunga vya umeme vya ndani) na haikati tena, au elementi imefunikwa ukoko. Usikiunganishe moja kwa moja ili “maji yapatikane kwanza”. Hicho ndicho kizuizi cha mwisho kati ya tangi lililofungwa na maji yanayochemka.

Kitufe kikiwa sawa, toa nyaya zote mbili za elementi umeme ukiwa umezimwa, pima ukinzani kati ya ncha zake. Kwa wati 1500 na volti 230 jibu ni kama omu 35; ya wati 2000 ingeonyesha kama 26. Mita isipoonyesha kitu, waya wa ndani umekatika. Ikionyesha 35 na bado maji ni baridi, elementi haina hatia: tafuta thermostati ambayo umeme unaingia lakini hautoki.

Breka ya kuvuja umeme, ile ya miliampia 30 yenye kitufe cha kujaribia, ikikata kila ukiwasha, pima kutoka kila ncha ya elementi hadi kwenye chuma cha tangi. Namba yoyote ya kilomu ni hukumu ya kifo. Ganda la elementi limepasuka, unga mweupe wa ndani umenyonya maji, na umeme unavujia kwenye maji. Ila multimita hupima kwa volti chache na inaweza kusema kila kitu shwari. Breka ikikata baada ya dakika kumi za kupasha na si mara moja, ufa unafunguka kwa joto, na hapo kinachosema kweli ni kipima insulesheni cha volti 500. Usiiondoe breka hiyo kwa sababu inasumbua. Ndiyo inayokulinda ukiwa umelowa bafuni.

Kubadilisha elementi ni kazi ya saa moja, nusu yake ni kumwaga maji. Funga koki ya kuingizia, fungua bomba la maji moto lililo juu ili hewa iingie (bila hewa tangi halishuki), kisha inua wenzo wa vali ya usalama. Maji yawe yamepoa. Ukitoa kifuniko cha chuma, utakuta matope na vipande vya chokaa chini ya tangi. Toa kwa mkono au kijiti, usikwangue kwa chuma, enameli itabanduka na kutu itaanzia hapo. Mpira wa kifuniko uwe mpya kila mara. Silikoni juu ya mpira wa zamani huvuja tu baadaye. Kaza nati kwa kuvuka, moja huku na inayotazamana nayo, kidogo kidogo, na uzikague tena baada ya kupasha mara ya kwanza.

Jaza tangi kwanza, hadi bomba la moto litoe maji bila kukohoa hewa, ndipo uwashe. Elementi ikiwashwa kwenye tangi tupu huungua kwa muda mfupi mno, na dhamana haitakusaidia.

Kama elementi ni nzima ila ina ukoko, gramu 50 za asidi ya sitriki kwa kila lita ya maji ya vuguvugu, uiloweke saa chache. Toa anodi kwanza, asidi itaila. Ncha za umeme zibaki juu, kavu. Ukoko haupunguzi wati. Kosa lake ni kuzuia joto lisitoke, elementi ikajipika yenyewe. Kwa maji ya chokaa nyingi naweka thermostati kwenye 60: juu ya hapo ukoko hushika haraka, na kwenye 40 na kitu bakteria hustawi ndani ya tangi.

Na sasa anodi. Ni fimbo ya magnesi inayoliwa na kutu badala ya chuma cha tangi, basi ikiisha, zamu ni ya tangi. Kwenye hita hii wameifunga kwenye kifuniko kilekile cha elementi, yaani kuikagua tu lazima umwage lita zote 50 na ununue mpira mpya. Mtengenezaji angeiwekea tundu lake. Kwa uzembe huo wa usanifu, wengi hawaikagui kabisa. Itazame kila mwaka. Ikifikia nusu ya unene au waya wa katikati ukionekana, badilisha. Maji ya moto yakinuka kama yai bovu huku baridi haina harufu, ni bakteria wanaoshirikiana na magnesi: pandisha joto hadi 70 kwa saa chache, yamwage kwa tahadhari, na ikirudi jaribu anodi ya alumini na zinki.

Vali ya usalama kudondosha matone hita inapopasha si ubovu. Lita 50 zikipanda kutoka 20 hadi 60 huongezeka kama robo tatu ya lita, na vali isiyorudisha maji inazizuia zisirudi bombani. Ikidondosha hata hita ikiwa baridi, ina uchafu kwenye kiti chake, au presha ya maji ya nyumba ni kubwa. Inua wenzo mara mbili tatu kuusafisha, na kama haiachi, pima presha. Tundu lake lisizibwe kamwe. Inua wenzo kila mwezi, la sivyo chokaa itaugandisha.

Maji yakitoka chini ya jaketi la nje, kausha kifuniko chote na uzungushe karatasi ya tishu kwenye mpira, nati na viungo vya mabomba. Tishu ikilowa, kaza au badilisha mpira. Ikibaki kavu na tone likaja kutoka kwenye povu la insulesheni, tangi limetoboka, na hilo halichomelewi, maana moto wa kuchomelea unaiharibu enameli pande zote za tundu.